Konseye mwenye kutaka kupanda ku Jimbo atufanyie kwanza remiz-repriz



Uchaguzi wa 2028 ungali mbali, lakini mu mitaa yetu kampenye imekwisha kuanza chini chini. Ku kilio utaona mutu anashuka mu jipu, anaingiza mukono mu mufuko, anaita wazee kwa majina yao. Ku parokia analipa viti vya plastiki. Ukiuliza huyu ni nani, utajibiwa: "Njo konseye wetu, sasa anataka kuwa Onorable." Ni juu ya mutu wa namna hiyo tunapenda kusema leo. Makonseye wengi wa komini wameanza kuangalia kiti cha mubunge wa jimbo, na wengine kati yao walitoka kwetu kabisa: madelege wa sindika, walimu wa watoto wetu, ba mama wa soko.

Kupanda si zambi. Mu mina pia mutu anaanza na kubeba sepetu, kisha anafundishwa mashini, kisha anakuwa kapita. Hakuna mwenye kumuchukia kwa sababu hiyo. Lakini mu mina hakuna mutu anaacha mashini ndani ya karieri na kujiendea. Poste ya usiku inapoingia, yule wa mchana anamuonyesha mwenzake: mafuta imebaki hivi, breki inavuta upande wa kushoto, pale juu jiwe limepasuka, usipite. Anaandika mu kaye na kutia sinyatire. Serikali nayo iko na desturi hiyo, tunaiita remiz-repriz. Mukubwa wa ofisi akibadilishwa anaifanya, burgumestre akitoka anaifanya. Paka wachaguliwa njo hawaifanyi mbele ya wale waliowachagua.

Tukumbuke vile makonseye hawa walizaliwa. Katiba ya 2006, na nyuma yake sheria ya tarehe 7 mwezi wa 10 mwaka 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi, zilituahidi kwamba tutachagua watu wetu mpaka chini kabisa. Tukangojea. 2006 tulichagua raisi, wabunge wa taifa na wa jimbo, komini hapana. 2011, komini hapana. 2018, komini hapana. Ni tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023 tu njo tulichagua konseye, na hata siku ile ilikuwa paka mu komini za miji yenye kuwa makao makuu ya majimbo. Lubumbashi walichagua, Kolwezi walichagua. Likasi, mji wa wafanyakazi tangu wakati wa Union Minière, wenye komini ine, haukuchagua konseye hata mumoja, kwa sababu si makao makuu ya jimbo. Kambove na Fungurume vilevile, hata kama malori ya shaba yanapita pale usiku na mchana. Ukiwa na ndugu kule, umuulize nani anasema kwa jina lake mu komini. Atacheka tu.

Na wabunge wa jimbo? Wale tuliowachagua 2006 walipewa miaka mitano. Walikaa mpaka kisha uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2018, ni kusema miaka 12. Katikati, mwaka 2015, Katanga ikakatwa vipande vine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na wabunge nao wakagawanywa. Mutu alilala mubunge wa Katanga, akaamka mubunge wa Lualaba, na hakuna mwananchi aliyeulizwa kitu. Tunaikumbusha kwa sababu moja: kile kiti cha juu ni kitamu, na mwenye kukikalia hasimami upesi. Kumuuliza maswali ni leo, angali chini.

Sasa, konseye anafanya nini hasa? Wengi wanazani ni mutu wa kuandika barua za masikini na kusindikiza maiti. Kwa sheria, baraza la komini njo linajadili bajeti ya komini na kuangalia vile burgumestre anaitumia. Mambo yake ni barabara za mitaa, mifereji ya maji machafu, taa za barabara, soko, usafi, shule za chini. Ni mambo madogo kwa macho ya wakubwa, lakini mama anayepita na beseni ya mboga mu matope ya mwezi wa pili anajua hayako madogo.

Na komini zetu si masikini kama komini za pahali pengine. Hapa tunaomba musomaji akae chini na kalamu.

Kodi ya mina iliyobadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema redevansi ya mina inagawanywa hivi: 50 kwa mia inaenda ku serikali kubwa ya Kinshasa, 25 kwa mia ku jimbo, 15 kwa mia ku komini ao sekta ao sheferi ambako mina inachimbwa, na 10 kwa mia ku mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Shaba inalipa redevansi ya 3,5 kwa mia ya bei yake. Kobalti, tangu iliitwa madini ya lazima sana mu mwisho wa 2018, inalipa 10 kwa mia.

Tufanye hesabu. Muzigo wa shaba wenye bei ya dola 1 000 000 ukitoka, redevansi ni dola 35 000. Kinshasa inachukua 17 500, jimbo 8 750, mufuko wa vizazi 3 500, na komini inabakia na 5 250. Muzigo wa kobalti wa bei ile ile: redevansi 100 000, jimbo 25 000, komini 15 000. Ni muzigo mumoja tu. Wewe unayesimama ku barabara unahesabu malori yanayoenda Kasumbalesa kwa siku, endelea na hesabu peke yako. Tena hatujatia ile 0,3 kwa mia ya mauzo ambayo kampuni inapaswa kuweka kila mwaka kwa maendeleo ya wakaaji, yenye kamati yake ya kuitunza, wala kaye ya mizigo (ile cahier des charges) ambayo kampuni inatia sinyatire na wakaaji.

Kweli, feza ile haiingii kila mwezi sawasawa. Redevansi inalipwa wakati muzigo unatoka. Mwezi wa pili mwaka 2025 serikali ilifunga kuuza kobalti inje, na tangu mwezi wa 10 mwaka ule ule inatoka kwa kipimo, kila kampuni na sehemu yake. Kama kobalti inalala mu depo, 15 ya komini nayo inalala. Konseye wa kweli angetuambia mapema: "Wandugu, mwaka huu bajeti itapungua, tuchague pamoja kitu gani tufanye kwanza." Sisi wafanyakazi tulijua kwa sababu kampuni zilianza kusimamisha watu. Kutoka komini hatukusikia sauti.

Kwa hiyo konseye anayetaka kuwa mubunge wa jimbo anatoka mu 15, anaenda mu 25. Njo maana ya kupanda kwake, tukiacha nyimbo na vikwembe pembeni. Mutu asiyeweza kutuonyesha njia ya ile 15 anatuomba tumukabizi 25.

Kuko na zaidi. Bunge la jimbo linatunga sheria za jimbo, linapitisha bajeti ya jimbo, linaweza kuita waziri wa jimbo ajibu maswali, linaweza kuangusha serikali ya jimbo. Tena ni wabunge wa jimbo njo wanachagua gavana na maseneta. Hapo musomaji ashike kichwa. Sisi tuko maelfu kwa maelfu, hatuchagui gavana. Watu makumi kazaa ndani ya nyumba moja njo wanamuchagua. Kila mara uchaguzi ule ukifika tunasikia hadisi za bahasha, hoteli, na simu zilizozimwa siku tatu. Hatusemi wote wanauza sauti yao. Tunasema kwamba sauti ya mubunge mumoja iko na bei kubwa kuliko sauti ya konseye, na mutu aliyejifunza kunyamaza mu kitu kidogo atanyamaza vizuri zaidi mu kitu kikubwa.

Halafu kuko uongo mumoja unaotuchosha, na tunaomba wafanyakazi wauzimishe kwa kicheko. Mukandida wa jimbo anasimama mbele ya watu wa sutretansi, anasema: "Mukinichagua, mishahara itapanda, mujurnalie ataandikishwa mara moja." Hana nguvu hiyo. Kodi ya kazi ni sheria ya taifa, ya mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyorekebishwa 2016. Mushahara wa chini unawekwa na serikali kubwa. Sheria ya sutretansi ya mwezi wa 2 mwaka 2017 nayo ilitoka Kinshasa. Mubunge wa jimbo anaweza kupiga kelele, anaweza kufanya komisioni ya uchunguzi juu ya maji yenye asidi mu mito yetu, juu ya barabara, juu ya ardi ya wakaaji waliohamishwa; anaweza kumuuliza waziri wa mina wa jimbo mbele ya kamera. Hayo ni mengi na tunayahitaji. Lakini mushahara wako utapiganiwa na delege wako, sindika yako, na ukipenda, mubunge wa taifa. Mwenye kukuahidi tofauti ao hajui kazi anayoiomba, ao anajua na anakucheka.

Wazee wetu waliona njia hii ya komini mbele yetu. Mwezi wa 12 mwaka 1957, Wabelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa komini mu Léopoldville, Élisabethville na Jadotville. Wanaume tu njo walipiga kura. Kule Léopoldville, Joseph Kasa-Vubu akatoka burgumestre wa Dendale, na miaka isiyofika mitatu nyuma yake alikuwa raisi wa nchi. Hapa kwetu Élisabethville hadisi ilikuwa ingine. Maburgumestre waliotoka mu uchaguzi ule hawakuwa wazaliwa wa Katanga, na badala ya kuuliza huyu burgumestre amefanya nini, watu wakaanza kuuliza huyu burgumestre ametoka wapi. Mwaka 1958 Conakat ikaundwa juu ya swali hilo. Mwezi wa 5 mwaka 1960 ikapata viti 25 juu ya 60 mu bunge la jimbo, na yaliyofuata mwezi wa 7 kila familia iko na kumbukumbu yake.

Hatutaki kufukua makaburi. Lakini swali lile la "ametoka wapi" lingali linatembea mu kambi zetu, na konseye asiye na hesabu ya kutuonyesha analipenda sana. Ukimuuliza bajeti, anakuambia: "Mwanangu, uchunge, batu ba inje banataka kutukamatia kiti yetu." Mu shimo la karieri jiwe likianguka haliulizi kabila ya mutu. Mufereji usiochimbwa nao unajaza nyumba zote za avenue.

Sasa tufike ku jambo linalotugawanya sisi wenyewe mu sindika, maana tusingeandika haya yote kwa raha tu.

Tunamujua konseye mumoja. Hatutaji jina lake wala komini yake. Wenye kumujua wamekwisha kuelewa. Alikuwa delege wetu, mutu wa kusoma dekonti ya mwisho kazi ya mufanyakazi na kuona mara moja franga gani zimeibiwa. Alipoingia mu orodha ya 2023 tulitembea naye parsele kwa parsele. Na ilibidi kutembea sana, kwa sababu mu uchaguzi wa komini chama kisichofikisha 10 kwa mia ya kura hakigawanyi kiti. Ku jimbo ni 3 kwa mia, ku taifa ni 1. Chini njo mulango ni mwembamba kuliko juu. Hata muzuri peke yake hapiti, lazima aingie ndani ya kundi kubwa, na kundi kubwa liko na mwenyewe.

Tuseme haki yake. Mwanzo ulikuwa mugumu. Makonseye wa nchi nzima walikaa muda mrefu wakilalamika kwamba wamechaguliwa lakini hawalipwi, hawana ofisi. Uchaguzi wa makonseye wa mji na wa maburgumestre, ambao wao njo wangefungua mulango wake, ukasogezwa, ukasogezwa tena. Ndugu yetu alikuwa anaenda ku baraza kwa miguu, na siku zingine tulichanga feza ya taksi. Alipigana kwa ajili ya mufereji wa avenue moja ambayo kila mwaka ilikuwa ziwa, na mufereji ukachimbwa. Uko pale, umepita mvua, haukubomoka. Ule mufereji ni wake na hatutamunyanganya.

Lakini kisha mufereji, akakauka. Tukimuuliza juu ya redevansi iliingia ngapi mwaka ule, anajibu: "Ile iko mambo ya burgumestre." Tukimuomba kopi ya bajeti waliyoipigia kura, anasema iko mu ofisi, mwenye ofisi iko mu misioni. Mukutano wa mutaa wa kila miezi mitatu, ule alioahidi mbele ya ba mama, ulifanyika mara mbili. Sasa tunamuona mu jipu ya mukubwa wa kundi, na picha yake imekwisha kutengenezwa: koti ya buluu, na chini yake neno Jimbo.

Wenzetu wamoja mu sindika wanasema: "Tumubebe hivyo hivyo, njo mutoto wetu. Afazali wetu mwenye kunyamaza kuliko wa bengine mwenye kusema." Ni maneno mazito na wanaoyasema si wapumbavu. Wameona vile mutu asiye na mutu wake juu anavyopotea: fayilo inalala, mulango haufunguki. Lakini tuwaulize kitu kimoja. Akiwa hapa chini, anakaa avenue ya tatu kutoka kwetu, watoto wake wanasoma na wetu, tunaweza kumungoja ku mulango asubuhi, na bado hatupati karatasi moja. Siku atahamia ku mutaa wa wakubwa na kuwa na askari ku geti, tutaipata kwa njia gani? Wetu mwenye kunyamaza anatukata mukono mara mbili, kwa sababu wa bengine tungemupigia kelele, naye tunamuonea haya.

Sisi wenye kuandika haya tumekwisha kuchagua upande. Hatutatia sinyatire yetu, hatutatoa vijana wa kubandika picha, hatutamupa nafasi ya kusema mu mukutano wa wafanyakazi, mpaka afanye remiz-repriz mbele ya watu waliomuchagua. Na hatuifanyi kwa yeye peke yake. Konseye yeyote wa Lubumbashi ao Kolwezi atakayekuja kuomba sauti za wafanyakazi kwa ajili ya bunge la jimbo atapata karatasi ile ile.

Karatasi yenyewe haiko ndefu. Tunamuuliza redevansi ya 15 iliingia ngapi kila mwaka tangu alipokaa, na kama komini haikupata yote, alimwandikia nani. Atuletee bajeti alizozipigia kura ndiyo, na zile alizozikataa kama ziko. Soko lilitoa feza ngapi za viti vya meza na feza zile zilifanya nini; hii ba mama wameitia wao wenyewe, na wanasema watakuja na tike zao za kila siku kulinganisha. Kazi gani ilianzwa haikumalizika, kontrati yake iko mukononi mwa nani. Na kama atatoka katikati ya mandati, nani anabaki ku kiti chake, maana siplea wengine ni bibi ao mudogo wa mutu, na hatukumuona hata siku moja mu mutaa.

Hatumuombi awe ameshinda kila kitu. Akisema: "Feza iliingia ngapi sijui, nilikatazwa kuona, hii njo barua niliyoandika, hii njo tarehe," tutaelewa, barua ile yenyewe ni kazi. Mutu aliyegombana na ofisi kwa karatasi moja amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya mubunge.

Karatasi tumemupelekea ndugu yetu kwa mukono, amepokea, ameweka sinyatire ya kupokea. Jibu likija tutalibandika ku mulango ya ofisi ya sindika, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, hata pale litakapotusema vibaya. Poste ya asubuhi inapita pale saa kumi na moja na nusu, ya usiku inarudi saa mbili. Kila mutu atasoma peke yake, na asiyejua kusoma atasomewa.